Joto la Kitalu katika Usiku wa Singida

Mbegu ya nyanya iliyofukiwa katika udongo wenye joto la nyuzi 25 za Sentigredi huchomoza baada ya siku 6 hivi. Katika nyuzi 15 mbegu hiyo hiyo huhitaji kama wiki mbili. Na joto likishuka hadi nyuzi 10, hukaa zaidi ya siku 40, ikiwa haikuoza kabla. Kitunguu, zao ambalo Singida inasifika kwalo, ni kistahimilivu zaidi: katika nyuzi 15 huota kwa wiki moja. Wanaopata taabu, basi, ni wapandaji wa nyanya na pilipili hoho.

Mji wa Singida u katika uwanda wa juu, kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mnamo Juni na Julai anga huwa kavu, upepo huvuma kwa nguvu, na usiku huwa wa baridi. Bustani za kiangazi hutegemea visima vifupi na malambo ambayo maji yake hupungua kila siku. Wiki inayopotea kitaluni ni wiki ya maji isiyorudi.

Hata hivyo mchana jua ni tele, na banda dogo la plastiki huweza kupata joto hata likahitaji kufunguliwa. Taabu ni kulihifadhi joto hilo. Usiku udongo hulitoa kwa mnururisho kuelekea angani, na plastiki ya polithini, tofauti na kioo, hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Ndiyo maana usiku usio na mawingu wala upepo, ndani ya banda la namna hiyo huweza kuwa baridi kuliko nje, jambo linalowashangaza wengi.

Huko Naivasha, Kenya, shamba la maua la Oserian lilianza mwaka 2003 kutumia joto la kisima cha mvuke cha Olkaria kupasha mabanda ya waridi usiku, pamoja na kupunguza unyevu unaoleta ukungu. Kitalu cha mkulima hakihitaji mitambo hiyo. Tuchukue pipa la lita 200 za maji, lililopakwa rangi nyeusi na kuwekwa juani ndani ya banda. Kila kilo ya maji ikipoa kwa nyuzi 1 hutoa jouli 4,200. Pipa likipoa kwa nyuzi 10 hutoa jouli milioni 8.4, zikigawanywa kwa saa 10 za usiku, ni wastani wa wati 233. Banda lenye plastiki ya meta 12 za mraba hupoteza kama wati 72 kwa kila nyuzi linayozidi joto la nje. Kwa hiyo pipa huliinua kwa nyuzi 3 tu. Likifunikwa jioni kwa mikeka minene ya majani, upotevu ukapungua kwa nusu, nyuzi hizo huwa 6. Mkeka, ambao ni rahisi kuliko vyote, hufanya kazi sawa na pipa la pili!

Waliolala katika tembe, yenye kuta nene na paa la udongo, wanaijua kanuni hii: udongo hupokea joto mchana na kulitoa taratibu usiku.

Njia nyingine ni samadi mbichi. Wakulima wa mboga wa Paris katika karne ya 19 walitandaza samadi ya farasi chini ya udongo wa kitalu, na bakteria walioiozesha wakatoa joto kwa wiki kadhaa. Samadi ya ng'ombe, yenye maji mengi, hupata joto polepole. Ya mbuzi ni bora. Mbegu zisipandwe mpaka joto kali la siku za kwanza lipungue, la sivyo zitaungua.

Jiko la mkaa lisiwekwe kamwe ndani ya banda lililofungwa, kwani kaboni monoksaidi huua mtu bila harufu.

Shule yenye vipimajoto viwili inaweza kulipima jambo hili: kimoja kifukiwe sentimeta 2 katika kitalu chenye mkeka, kingine katika kitalu kilicho wazi, na visomwe kabla ya mapambazuko.