Apophis: jiwe litakalopita chini ya setilaiti

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 14 Aprili 2029, jiwe lenye upana wa wastani wa mita 340 litapita takriban kilomita 32,000 kutoka uso wa Dunia. Ni kama majengo 3 ya KICC ya Nairobi yaliyopandanishwa. Setilaiti zinazorusha matangazo kwenye madishi ya mapaani ziko juu zaidi, kilomita 36,000 hivi, na Mwezi uko mbali mara 12. Halitaanguka. Lakini wataalamu walichukua muda kulisema hilo kwa uhakika.

Asteroidi hiyo iligunduliwa tarehe 19 Juni 2004 huko Kitt Peak, Arizona, na Roy Tucker, David Tholen na Fabrizio Bernardi. Ikapotea machoni, ikaonekana tena Desemba, na hapo hesabu zikaanza kutisha. Kufikia tarehe 27 uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2029 ulikuwa umepanda hadi asilimia 2.7, yaani mara 1 katika 37. Kwenye kipimo cha hatari cha Torino, kinachoanzia 0 hadi 10, ilipewa 4. Hakuna asteroidi nyingine iliyowahi kufika hapo. Walimwengu wengi hawakusikia. Siku moja kabla, tsunami ilikuwa imezipiga pwani za Bahari ya Hindi, kuanzia Sumatra hadi Somalia, Kenya na Tanzania.

Kwa nini hatari ilipanda kila siku, kisha ikazimika ghafla? Fikiria mtoto amepiga mpira kuelekea nyumba ya jirani. Mwanzoni unaweza kutua popote, na dirisha ni sehemu ndogo tu ya ukuta. Kadiri unavyokaribia, eneo unaloweza kutua linapungua, na dirisha likiwa bado limo ndani yake, moyo unazidi kudunda. Mara unaona mpira unaelekea kando. Kwa Apophis, kilichoonyesha hivyo ni picha za Machi 2004, zilizopigwa kabla hata haijagunduliwa, ambazo zilifukuliwa siku hiyohiyo ya tarehe 27. Hofu ya 2029 ikaishia hapo.

Zilibaki hofu ndogo za miaka ya mbele, na sababu yake ni mwanga wa jua. Upande wa jiwe uliopata joto hulitoa joto hilo angani, na kwa kulitoa jiwe husukumwa kidogo sana. Msukumo huo huihamisha njia ya Apophis kwa mita 200 hivi kila mwaka. Ni kidogo, ila ukijumlishwa kwa miongo huvuruga hesabu. Vipimo vya rada vya Machi 2021 ndivyo vilivyoiondoa hatari kwa miaka 100 ijayo walau.

Kwa sasa Apophis hulizunguka Jua kwa siku 324. Sehemu kubwa ya safari hiyo iko ndani ya njia ya Dunia. Hukaribia njia ya Zuhura, kisha hutoka kidogo nje ya njia yetu. Ikishapita 2029, mvutano wa Dunia utaipanua njia hiyo, na mwaka wake utazidi siku 400. Asteroidi itahamishwa ukoo, kutoka kundi la Ateni, lenye mwaka mfupi kuliko wetu, kwenda la Apolo, lenye mwaka mrefu zaidi.

Kwa umbo ni ndefu, huenda kama ganda la karanga, nayo hujizungusha kwa kuyumba badala ya kuzunguka sawasawa kama pia. Imeundwa hasa kwa mawe ya silika, tofauti na kimondo cha Mbozi kule Songwe, ambacho ni chuma.

Anayetaka kuiona hatahitaji darubini. Itaonekana kama nyota ya kawaida isiyong'aa sana, ila inayosogea, ikitoka upande wa Bahari ya Hindi na kukatiza anga ya Afrika. Itakapofika karibu zaidi, saa 6:46 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, itakuwa imeshafika juu ya Atlantiki, ikienda kwa kasi ya kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa dakika moja. Kwa hiyo ni bora kuanza kuitafuta mapema, na usiku huo hautakuwa na mbalamwezi. Shida ni kwamba Aprili ni masika, na kuanzia Lamu hadi Mtwara mawingu yanaweza kuificha.