Kichupa cha Bendi Ndogo Kina Kazi ya Kufanya

Miaka ya 1960 na 1970 Tabora ilikuwa na bendi tatu zilizojulikana nchi nzima: Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya akina Shem Karenga, wenye mtindo wao wa segere matata. Msikilizaji mzoefu wa Radio Tanzania, awe Songea au Musoma, alizitofautisha kwa mlio wa gitaa kabla mwimbaji hajaanza. Sura zao hakuzijua. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1974, lakini Bara tulisubiri hadi 1994, na kufikia hapo enzi za bendi hizo zilikuwa zimeshapita. Bendi ya mkoani iliyotaka kusikika ilisafiri hadi Dar es Salaam, ikaingia studio ya redio ya taifa, ikarekodi, ikarudi nyumbani. Sauti ilisambaa, sura ikabaki ukumbini.

Leo mambo yamegeuka. Kijana wa Isevya au Ng'ambo, hapa Tabora, anaiona bendi kwenye simu kabla hajausikiliza wimbo wake hadi mwisho. Ndiyo maana wanabendi wa mikoani wakikutana nami huniuliza bei: kichupa kizuri, yaani video ya wimbo, ni shilingi ngapi? Mimi hutaka kwanza kujua kichupa hicho kinatumwa kufanya kazi gani. Bendi isiyo na lebo, isiyo na meneja wala fungu la matangazo, haina uwezo wa kulipia picha zisizo na kazi.

Kazi ya kwanza ni kwenda mahali ambapo bendi yenyewe haiwezi kufika. Mfano unaotajwa kila mahali una damu ya kwetu kidogo. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1946 na kujulikana baadaye kwa jina la Freddie Mercury, alikuwa na bendi ya Queen mwaka 1975 ilipotoa "Bohemian Rhapsody". Kipindi cha Top of the Pops cha BBC kiliwataka wasanii studioni, lakini bendi ilikuwa na safari ya maonyesho, na wimbo wenyewe una sauti nyingi mno zilizopandana kiasi kwamba watu wanne wasingeweza kuuimba jukwaani kama ulivyorekodiwa. Wakapiga filamu kwa saa chache, mwongozaji akiwa Bruce Gowers, wakaipeleka BBC. Ile filamu iliketi kwenye kiti cha bendi wiki baada ya wiki.

Kazi ya pili ni kumwambia mgeni "hawa ni nani". Watu wa Tabora hawahitaji kufundishwa jambo hili na Ulaya. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani hapa Tabora, mwaka 1857, ameandika jinsi kirangozi wa msafara alivyovaa: joho jekundu, kichwani ngozi ya mbega yenye rangi nyeusi na nyeupe pamoja na manyoya ya ndege, mkononi bendera nyekundu iliyotatuliwa na miiba ya njiani. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea wakiimba. Walipokaribia mji mkubwa walitoa nguo zao nzuri mizigoni wakazivaa, ngoma na baragumu zikalia, bunduki zikafyatuliwa. Wenyeji walijua nani anaingia kabla mzigo haujatuliwa. Njia ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watumwa, na mwaka 2006 Tanzania iliiweka kwenye orodha yake ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Sisemi kwamba misafara ilikuwa burudani. Nasema kwamba ustadi wa kujitambulisha kwa mavazi, sauti na mwendo ni wa zamani katika ardhi hii.

Kwa Wasukuma, jirani wa Wanyamwezi, ustadi huo ukawa mashindano. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja baada ya mavuno, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Watu wakianza kuhamia upande wa pili, kundi hutoa jambo jipya: chatu mzima mabegani, sanamu ya mti inayochezeshwa, majembe yanayorushwa na kudakwa kwa mdundo. Sheria ile ya uwanjani ni kali kuliko hesabu yoyote ya watazamaji mtandaoni, kwa sababu mtu anakuacha machoni pako, kwa miguu yake.

Kazi ya tatu ni kuitafutia bendi mwaliko wa kulipwa, na hapa ndipo wasanii wa nyimbo za asili wa kanda hii wamewazidi wanadansi na hata vijana wengi wa Bongo Fleva. Tazama video za akina Bhudagala Mwanamalonja, Nelemi Mbasando au Ng'wana Kang'wa. Wamejipatia watazamaji wengi sana YouTube wakiimba Kisukuma, na umaarufu wao haukusubiri ruhusa ya watangazaji wa Dar es Salaam. Wenye haraka huzidharau video hizi, wakisema ni za kienyeji, zote zinafanana. Zinafanana kwa sababu zina kazi moja, na wasanii wake wanaijua. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, yuko mbele, usinga mkononi. Nyuma yake wachezaji wamejipanga mstari, sare moja, miguu inapiga ardhi kwa pamoja mpaka vumbi linainuka. Kamera hurudi kwao tena na tena, kwa picha pana, miguu ikionekana. Jina la msanii, jina la wimbo na namba ya simu vinakaa kwenye kioo. Mzee wa Igunga au Nzega mwenye harusi ya kijana wake anaitazama video hiyo kama anavyokagua ng'ombe mnadani: wachezaji ni wangapi, wamevaaje, manju ana pumzi kiasi gani, wakichoka wanakuwaje. Akiridhika anapiga ile namba. Kila picha iliyomo imemsaidia kuamua.

Sasa kanuni zenyewe za kichupa. Mwingereza Andrew Goodwin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu televisheni ya muziki, alionyesha kwamba picha huhusiana na maneno ya wimbo kwa njia tatu. Huyafuata, huyaongezea maana, au huyaacha kabisa na kwenda zake. Vichupa vyetu vingi hukwama kwenye njia ya kwanza. Wimbo ukitaja barua, tunaonyeshwa barua. Ukitaja machozi, dada anafuta machozi. Mtazamaji ameshasikia, halafu anaonyeshwa alichosikia. Njia ya pili ndiyo yenye faida zaidi kwa bendi maskini, kwa kuwa picha moja iliyochaguliwa vizuri inaongeza kitu ambacho mtunzi hakukitamka. Wimbo wa mke anayemlalamikia mume aliyekwenda kutafuta maisha hauhitaji mume aonekane. Stesheni ya Tabora, ambako reli ilifika mwaka 1912 na ambako hadi leo njia za Kigoma na Mwanza zinaachana, inatosha kusema mengi, mradi mmeomba kibali cha kupiga picha pale.

Kuna pia kanuni ya hadithi dhidi ya onyesho. Katika kichupa cha onyesho bendi inaonekana ikipiga. Katika cha hadithi waigizaji wanatenda. Mfano bora wa hadithi Afrika Mashariki ni wa Just a Band, kundi huru la Nairobi, lililotoa "Ha-He" mwaka 2010. Video ile ilimleta Makmende, shujaa mwenye mikono mizito aliyeigwa kutoka filamu za Kimarekani za miaka ya 1970, na Wakenya wakaanza kutengeneza picha na utani wao wenyewe kumhusu, wakausambaza mtandaoni hadi vyombo vya habari vya Marekani vikaandika. Bendi haikuwa na fedha za kununua matangazo ya namna hiyo. Walichokuwa nacho ni mhusika ambaye mtazamaji aliweza kumchukua akamfanya wake. Hata hivyo nina wasiwasi na bendi za dansi zinazokimbilia hadithi. Makmende alizaliwa mikononi mwa vijana waliokuwa wasanii wa picha vilevile. Bendi ya watu kumi iliyozoea kupiga harusini, ikijaribu kuigiza mapenzi ya tajiri na maskini, hutoa maigizo dhaifu na kuficha kile inachokiweza, yaani kupiga.

Kanuni ya magari na majumba ya kifahari nayo ina historia yake. Kuanzia mwaka 2013 hivi wasanii wakubwa wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz akiwa mbele, walikwenda Afrika Kusini kupiga video. Walifanya sawasawa. Walitaka kuingia kwenye vituo kama MTV Base na kusimama bega kwa bega na Wanigeria, na picha zao zilipaswa kulingana na za huko. Kazi ile ilitaka gharama ile. Bendi ya Tabora inayokodi gari la jirani kwa nusu siku ili ifanane nao inaonyesha kitu ambacho mtazamaji anajua si chake, na ambacho hakitamsaidia mwenye ukumbi wa Nzega au Urambo kuamua kuialika.

Wanadansi wana tatizo lao la pekee, nalo ni urefu. Wimbo wa dansi una nusu mbili: ya kwanza ya pole yenye kisa, ya pili ni chemko, gitaa la solo likitangulia na rapa akichochea wanenguaji. Jumla inaweza kufika dakika saba au nane. Ukumbini urefu huo ndio utamu wenyewe. Kwenye simu mtu anatumia bando lake na kidole kiko tayari kuhama. Ushauri wangu ni kuandaa toleo fupi la kichupa linaloonja kisa na kuingia chemko mapema, na toleo zima libaki kwa wapenzi. Msianze na droni inayozunguka juu ya mji huku majina ya kampuni ya video, dairekta na mhariri yakipita. Sekunde kumi za mwanzo ni za sura ya mwimbaji na mlio unaowatambulisha. Na tafadhali, mpiga solo akipiga, tuonyesheni vidole vyake vikienda sawa na sauti. Nimeona vichupa vingi ambamo solo linalia na kamera iko kiunoni mwa mnenguaji. Watoto wanaojifunza gitaa Tabora wanavitazama vichupa hivi wakitafuta vile vidole.

Kuhusu mwanga, jua la hapa Tabora la saa sita mchana hutia kivuli kizito machoni, hasa kwa mtu aliyevaa kofia, na sura hupotea. Pigeni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi na moja jioni na kuendelea. Ikibidi mchana, ingieni chini ya miembe. Tabora ina miembe mikubwa mingi ajabu, na kivuli chake kipana kinalainisha mwanga bila kukodi taa hata moja. Vumbi jekundu likipigwa na jua kutoka nyuma ya wachezaji huwaka lenyewe. Lakini kuna mahali ambapo ningeomba staha. Tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, ni jengo zuri kwa picha, ila limo katika ile njia ya misafara iliyopitisha watumwa waliofungwa minyororo. Bendi yenye wimbo unaohusiana na historia hiyo ipige pale. Wa harusi waende kwenye miembe.

Mazoezi ndiyo kifaa pekee ambacho bendi ndogo inacho kwa wingi kuliko bendi kubwa. OK Go wa Marekani walipiga "Here It Goes Again" mwaka 2006 kwa kamera moja isiyohama, bila kukata, wakicheza juu ya mashine nane za kukimbilia, na mwaka 2007 wakapata Grammy kwa video ile. Nguvu yake yote ilikuwa mazoezi. Kundi la hapa lenye wanenguaji waliozoeana linaweza kufanya jambo la namna hiyo kwenye uwanja wa shule siku ya Jumapili, na dairekta asihitaji siku tatu za kuhariri.

La mwisho ni la mkataba, na linanikera kwa sababu linaumiza watu kimyakimya. Bendi nyingi hukubali video yao iwekwe kwenye chaneli ya mpiga picha, kwa kuwa ana wafuasi. Kumbukeni kwamba kwa njia ya kawaida YouTube huanza kugawa fedha za matangazo kwa chaneli iliyofikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, na hugawa kwa mwenye chaneli. Wimbo unabaki mali ya mtunzi chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini sheria haimsaidii sana asiye na karatasi. Fungueni chaneli ya bendi hata kama ina wafuasi hamsini. Mkiona lazima muanzie kwa mwenzenu, andikeni ni kwa muda gani, mapato yanagawanywaje, na nani anashika picha ghafi. Chini ya video orodhesheni kila mpigaji na chombo chake, mtunzi, mahali na tarehe ya kurekodi. Namba ya simu inayoonekana kwenye kioo iwe ya bendi, wala isiwe ya studio.