Karafuu Si Daktari



Mwezi uliopita tulivuka bahari kwenda Gwata, katika Wilaya ya Kibaha, kuhudhuria arusi ya jamaa zetu. Baada ya chakula, mzee mmoja, mkwe wetu, alitutolea chupa ya unga wa karafuu na majani ya mlonge aliyoinunua kwa mchuuzi. Kibandiko chake kilisema unga ule husafisha mafuta ya damu na kushusha sukari na presha. "Bwana Katibu," akatuambia, "karafuu zenu hizi ndizo daktari wangu. Vidonge vya hospitali nimeviacha tangu Mfungo Tatu."

Twakiri kwamba kwanza tulifurahi. Nani kati yetu hapendi kusikia zao lake likisifiwa? Tena wapo wanachama walioshauri mkutanoni kwamba Chama nacho kifunge unga kama ule na kuuuza kuwa dawa. Kwa hiyo yatupasa kulieleza jambo hili waziwazi.

Madaktari husema mtu yumo hatarini yakimkuta matatu katika haya matano: kiuno kinene, presha iliyopanda, sukari iliyozidi, mafuta yaitwayo traigliseridi kuwa mengi, na kolesteroli njema kuwa chache. Mambo haya hayaumi. Hayajulikani ila kwa kupimwa, na mwisho wake ni maradhi ya moyo, kiharusi na kisukari.

Karafuu, je? Imejaribiwa zaidi katika maabara na kwa panya. Majaribio kwa watu ni machache na madogo. Kuitia katika chai na pilau hakuna ubaya. Lakini mafuta ya karafuu yana yujeno nyingi: yakinywewa kwa wingi hudhuru ini, na watoto waliokunywa wameugua sana. Tena huweza kuzuia damu isigande, basi anayetumia dawa ya kuyeyusha damu ajihadhari.

Wengine hununua vidonge vya mafuta ya samaki. Hivi vina ukweli ndani yake, kwani mafuta ya omega-3 hupunguza traigliseridi. Lakini daktari akitaka kuzishusha kwa njia hiyo hutoa gramu 2 mpaka 4 za omega-3 kwa siku, na kidonge cha kawaida cha dukani cha gramu 1 huwa na miligramu 300 hivi tu. Hesabu wenyewe ni vidonge vingapi, na kwa fedha gani.

Nasi samaki tunao. Mwaka 1996 jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilichapa uchunguzi wa Lugalawa, uliofanywa hapa Tanzania. Wanakijiji wa kando ya ziwa, walao samaki kila siku, walilinganishwa na wenzao walao mboga tu. Walaji samaki walionekana kuwa na presha ndogo zaidi na mafuta machache zaidi katika damu. Hawakumeza kidonge, walikula kitoweo.

Basi shauri letu ni hili: samaki wa kuchoma au wa kuchemsha badala ya wa kukaanga, kunde na choroko mara kwa mara, tui zito lipunguzwe, sukari ya chai ipunguzwe, na mwendo wa miguu usiachwe. Aliyepewa vidonge na daktari asiviache kabla ya kumwuliza, na amwambie kila unga anaotumia.

Asubuhi yake tulimweleza mzee haya yote. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mbona basi chupa imeandikwa?" Tukamjibu, "Mzee wetu, kuandika ni rahisi." Akakubali kwenda kupimwa, presha ilikuwa juu sana. Sasa amerudia vidonge vyake, na karafuu ameirudisha jikoni.

Wanachama, tuuze karafuu yetu kwa harufu yake, ukavu wake na usafi wake. Mtu akiacha dawa yake kwa kutuamini sisi, kisha akapatwa na kiharusi, hakuna bei ya karafuu itakayomfidia.

Katibu wenu