Vizunguko Vidogo vya Bahari

Wakati wa Kusi, pepo husukuma maji kuelekea kaskazini kando ya pwani ya Somalia. Huko mkondo hujipinda, ukawa duara kubwa la maji lizungukalo, upana wake kilometa 500 hivi.

Lakini msidhani, wasomaji, kwamba maji hayo huzunguka sawasawa kama gurudumu. Penye kingo zake, maji ya baridi hukutana na ya moto, na yaendayo mbio husuguana na yaendayo polepole. Mpaka huo hupindapinda, ukamegeka, ukazaa vizunguko vya kilometa chache tu, vidumuvyo siku chache.

Hivyo husaidia kupandisha maji ya chini yenye rutuba, yafikie mwanga wa jua. Hapo huota mimea midogo mno, ilishayo vijidudu vya bahari, navyo hulisha samaki. Basi mvuvi apatapo jodari, sehemu ya kazi imekwisha kufanywa na vizunguko hivyo.