Ulikonda Halafu Kilo Zikarudi? Msikie Kevin Hall Kabla Ujilaumu

Unajua ule msee wa jim alipunguza kilo mob, akaposti picha kila wiki, halafu baada ya muda akarudi vile alikuwa? Mtaa mzima husema, "Huyo alijiachilia tu." Sasa kuna mwanasayansi, Kevin Hall, ametumia zaidi ya miaka 20 kuonyesha hiyo stori si rahisi hivyo.

Na cheki, Hall hakuanza na mambo ya dayati. Alisomea fizikia hadi PhD pale McGill, Kanada. Alipoingia NIH, taasisi kubwa ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, akauchukulia mwili kama hesabu: kalori ngapi zinaingia na dishi, ngapi zinachomwa.

Kuchomwa ndio kuna siri. Hata ukiwa umelala, mwili unachoma kalori ndio moyo upige na ubongo ufanye kazi. Hall na timu yake wakafuatilia watu 14 wa ile shoo ya TV, The Biggest Loser. Kwa shoo walikuwa wamepunguza karibu kilo 58 kila mmoja, kwa wastani. Miaka 6 baadaye, kilo kama 41 zilikuwa zimerudi. Na hapa ndio noma: miili yao ilikuwa inachoma kalori karibu 500 chini ya vile ingefaa kwa mtu wa saizi yao, kila siku. Hiyo ripoti ilitoka 2016. Kumbe ukikonda, mwili unakaza mkanda na unaweza kukaa hivyo miaka.

2019 akaja na ingine. Watu 20 waliishi ndani ya hospitali ya NIH wiki 4. Wiki 2 walipewa chakula cha kiwandani, kile kimesindikwa hadi basi. Wiki 2 zingine, chakula freshi. Sukari, mafuta, chumvi na kalori mezani zilikuwa karibu sawa, na kila mtu alikula hadi atosheke. Kwa ile ya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku na wakaongeza karibu kilo moja. Kwa freshi, wakapunguza karibu kilo moja.

Bei je? Viungo vya wiki vya chakula freshi vilikuwa dola 151, vya kiwandani 106. So mtu akichagua soda na smokie badala ya githeri na matunda, usikimbilie kusema ni ulafi. Mfuko pia unaongea.

Aprili 2025 Hall akaacha kazi NIH mapema. Alisema alizuiwa kuongea waziwazi na wanahabari kuhusu utafiti wake mwingine, ambao matokeo yake hayakuunga mkono wazo kwamba hivi vyakula vinakushika kama dawa za kulevya. Serikali ilikana kumnyamazisha.

Lakini angalia msimamo wake. Huyu ndiye alionyesha chakula cha kiwandani kinafanya watu wale zaidi, na bado hakukubali kuongeza chumvi pale data haikufika.

So ukitaka kukonda, usianze na kujinyima hadi uzirai. Anza na kile kiko kwa sahani. Na mwili ukikataa kushuka haraka, jua si uvivu. Unapigana kurudi pale ulizoea.