Kwanza Kuanguka

Kijana wa majumba ya Michenzani, mjini Unguja, akienda kujifunza judo, somo lake la kwanza ni kuanguka. Hulala chali, akakunja kidevu kifuani, akaupiga mkeka kwa mkono mzima ili kishindo kiishie mkononi kabla hakijafika kichwani. Atarudia hivyo hadi achoke, na hata mkubwa wa darasa hana njia ya mkato.

Judo ilianza kufundishwa Unguja na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini mwasisi wake ni mwalimu wa shule. Mwalimu huyo, Kano Jigoro, alifungua shule ya judo ya Kodokan, Tokyo, mwaka 1882, na kwa miaka mingi aliongoza chuo cha kufundishia walimu. Mbinu za hatari za mapigano ya kale aliziondoa kwenye mazoezi huru, akasisitiza kwamba mtu hustawi pamoja na mwenzake.

Fundisho hilo linaonekana mikononi. Anayemwangusha mwenzake haachii mkono wa koti. Humvuta juu kidogo ili asigonge kichwa. Mwili wa mwenzio ni amana, na dakika moja baadaye wako utakuwa kwake. Naamini hapa ndipo tabia inapojengeka, kuliko kwenye hotuba yoyote ya nidhamu. Mzazi akitia shaka kuhusu desturi ya wanajudo kuinamiana, aelezwe wazi kwamba ni salamu kwa mwenzako, si ibada.

Wala kupambana bila uadui si jambo geni kwetu. Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa migomba hadharani, kisha kinyongo huachwa uwanjani.

Lakini mchezo peke yake haumlindi mtoto. Japani ililazimisha sanaa za mapigano katika shule za sekondari za chini mwaka 2012, huku wazazi wakiwa na hofu ya haki: tangu 1983 watoto zaidi ya 100 walikuwa wamefariki kwa judo ya shuleni, wengi kwa majeraha ya kichwa, na wanafunzi wapya ndio walioumia zaidi. Shule inayotaka kuiingiza judo kwenye kipindi cha michezo itafute kwanza mwalimu aliyeiva na mikeka ya kutosha. Na mtoto aliyegonga kichwa, hata akisema yuko salama, asirudi mkekani mpaka daktari aridhike.