Motisha, Ari na Maendeleo ya Watumishi wa Chuo Kikuu

Mtafsiri akabidhiwapo kanuni za utumishi za chuo kikuu hukwama mapema katika neno motisha. Neno hili, lililotoholewa kutoka Kiingereza, limekwisha kupata katika ofisi zetu maana ya kitu kinachotolewa: posho, zawadi ya mfanyakazi bora, mkopo wa nyumba. Watu husema, "tumelipwa motisha." Lakini katika elimu ya uongozi dhana inayokusudiwa aghalabu ni msukumo ulio ndani ya mtu, nao una neno lake la siku nyingi, yaani ari.

Tofauti hii si pambo la lugha. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake wawili wa Marekani walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Walieleza kwamba mshahara, usimamizi na mazingira ya kazi vikiwa vibaya huleta manung'uniko, na vikiwa vizuri huyaondoa tu. Kimsukumacho mtu ni kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, dhamana na kupanda cheo. Nadharia hiyo imepingwa na wengi, wala hatulazimiki kuikubali. Hata hivyo, mtafsiri atumiaye motisha kila mahali atamfanya Herzberg aseme kwamba mshahara si motisha, na msomaji ambaye kwake motisha ni fedha atafunga kitabu. Yafaa basi ari itumike kwa msukumo wa ndani, na motisha ibaki kwa kile akitoacho mwajiri.

Cheo na wadhifa navyo huchanganywa. Mhadhiri, mhadhiri mwandamizi na profesa ni vyeo. Hupatikana kwa shahada, ufundishaji na machapisho yaliyopimwa na wataalamu wengine. Ukuu wa idara ni wadhifa. Muda wake ukiisha, mhadhiri hurudi darasani na cheo chake kile kile. Barua isemayo "umepandishwa cheo kuwa mkuu wa idara" yaweza kuzaa madai ya mshahara.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni kitenzi endeleza. Kanuni ikisema "mkufunzi msaidizi atajiendeleza hadi shahada ya uzamili", nani atalipa karo? Kiambishi -ji- kimekwisha kumtwika mtumishi mzigo huo. Ikisema "ataendelezwa", mdaiwa ni chuo. Ikiwa chuo kinatoa ruhusa na karo, na mtumishi anatoa jitihada, hapana budi kuandika sentensi mbili. Kifupi hakitoshi hapa.

Tena, kifungu kinachowahusu watumishi wote kisiitwe "maendeleo ya kitaaluma". Makarani na mafundi wa maabara pia wana ngazi zao za kupanda, na neno wanataaluma vyuoni huchukuliwa kuwa ni waalimu na watafiti peke yao. "Maendeleo ya kazini" huwaingiza wote. Fundi wa maabara anyimwaye ruhusa ya masomo kwa ajili ya neno moja ana haki ya kulalamika, na lalamiko lake lianzie kwa mtafsiri.